Mjomba Alikufa Siku Gani?

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Msambweni. Mwaka 1998, mwezi wa Agosti, aliondoka Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, peke yake katika ngalawa, na kusi bado ina nguvu. Akaokotwa Ijumaa asubuhi, anaelea kwenye mikoko ya Gazi. Katikati ya wiki hiyo, Jumatano adhuhuri, babu yetu aliyemzaa, mgonjwa wa siku nyingi, naye akaitika wito wa Mola wake.

Msomaji anayefahamu mirathi ameshaiona shida. Ikiwa mjomba alimtangulia babu, wanawe hawapati kitu katika minazi ya babu, kwani mjukuu huzuiliwa na mwana aliye hai, na wajomba wengine wawili walikuwako. Ikiwa alikufa nyuma ya babu, hata kwa saa moja, basi alirithi, na fungu lake ni la mayatima wake. Mkewe naye alikuwa na hesabu yake: eda ya miezi minne na siku kumi huanza siku ya kufa, si siku ya kuokotwa.

Basi kwa mara ya kwanza watu wa nyumba yetu hawakuona dhiki maiti kupelekwa kwa daktari.

Daktari hutazama kwanza mambo matatu: joto la mwili, kukakamaa kwake, na damu imetua wapi. Mtu hai ana joto la digrii 37 hivi. Akifa hupoa, na kwa kadiri alivyopoa muda hukisiwa. Hesabu hiyo yafaa nchi za baridi. Huku Diani mwezi wa Machi, chini ya bati, joto hufika digrii 33 au zaidi. Mwili utapoa wende wapi? Kukakamaa huanza baada ya saa mbili hadi nne, kukadhihiri mapema kwenye taya, kukakamilika kwa kiasi cha saa 12, kisha mwili hulegea tena. Na joto huharakisha yote. Damu nayo huteremka upande wa chini, ikafanya rangi ya zambarau ambayo baada ya saa kadhaa haihami hata maiti akigeuzwa.

Waosha maiti wetu hawakuyasoma haya darasani, lakini wanayajua kwa mikono. Vitabu vya Kishafii, mathalan Minhaj ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, vyaagiza macho yafumbwe, taya lifungwe kwa kitambaa, viungo vilainishwe, na tumbo liwekewe kitu kizito. Kwa nini viungo vilainishwe mara moja? Kwa sababu ukichelewa vitakataa. Na aliyekufa ghafla, wanavyuoni wamesema asiharakishwe mpaka yakini ipatikane. Nimepata kumsikia mtu barazani akidai kwamba kuchunguza dalili za maiti ni mambo ya Wazungu. Huyo hajaosha maiti.

Mjomba lakini alikuwa ameshazipita dalili hizo zote. Angalikuwa nchi kavu, wangaliulizwa nzi. Nzi hutaga juu ya maiti mchana, pengine saa ile ile ya kwanza. Mtaalamu akijua aina ya nzi, urefu wa mabuu na joto la mahali, huhesabu kurudi nyuma. Katika joto la pwani, toka yai hadi nzi kuruka ni wiki moja na nusu, au mbili. Baharini nzi hatagi. Mjerumani mmoja wa karne ya 19, Casper, aliweka kanuni ya kukisia: wiki moja hewani ni sawa na mbili majini, na nane kaburini. Ndiyo maana kule Shakahola, mwaka 2023, walipofukuliwa maiti zaidi ya 400, Dkt. Johansen Oduor na wenziwe waliweza bado kuona kwa wengi wao dalili za njaa, na kwa wengine dalili za kunyongwa, ingawa kuna waliokwisha kuharibika.

Daktari wetu aliitazama mikono ya marehemu, ngozi imeanza kuvuka. Maiti huzama kwanza, akatueleza, kisha huelea hewa ikijaa tumboni, na katika maji ya vuguvugu hilo huchukua siku mbili tatu.

"Mzee wangu," alimwambia mjomba mkubwa, "Alhamisi hakuiona. Mimi naona ni Jumatatu au Jumanne. Lakini Jumatano siwezi kuitoa kwa kiapo."

Tulimzika siku ile ile, kabla ya Magharibi. Kadhi akasema: asipojulikana nani alitangulia, hawarithiani. Mkazamjomba, kwa tahadhari, akahesabu eda tangu usiku wa kuamkia Alhamisi.

Mayatima kisheria wakatoka mikono mitupu. Mamangu, aliyepata fungu la binti, alikuwa wa kwanza kuwapa minazi kumi katika yake. Mjomba mkubwa akatoa ishirini. Mdogo wake alisema atafikiri, na hadi leo anafikiri.