Warumi Wangeshindwa, Waingereza Wangekosa Nini?

Mzazi yeyote anayesomesha mtoto katika shule ya msingi ya England atakutana na Warumi, apende asipende. Wamo katika mtaala: Julius Caesar alivuka bahari mwaka 55 na 54 KK akarudi zake, Claudius akavamia kwa mafanikio mwaka 43 BK, kisha Boudica akaasi na Hadrian akajenga ukuta. Hadithi yenyewe haina ubaya. Kinachokera ni swali linalofungia somo, kwamba Warumi walituletea nini, na orodha inayotarajiwa kama jibu: barabara, hamamu, mifereji ya maji, miji. Watu wazima nao huirudia orodha hiyo kwa mzaha uliotoka katika filamu ya Life of Brian ya mwaka 1979, na mzaha umekuwa hoja. Sisi tuliotoka katika nchi zilizotawaliwa tunajua hoja hiyo inakoelekea. Mbele yake kuna reli, zahanati, na masimango ya kwamba mngekuwa wapi bila sisi. Ndiyo maana naona swali ligeuzwe: Warumi wangeshindwa kuwatawala Wakelti wa Britania, Wakelti hao wangekosa nini?

Kushindwa huko hakukuwa mbali. Mwaka 60 au 61 BK Boudica na watu wake, Waiceni, waliteketeza Camulodunum, ambayo leo ni Colchester, kisha Londinium na Verulamium. Mwanahistoria Tacitus anataja watu 70,000 waliouawa. Suetonius naye anaandika kwamba Kaizari Nero aliwahi kufikiria kuliondoa jeshi lake Britania, akasita kwa kuona haya kuipunguza sifa ya Claudius, baba yake wa kulea. Kumbe kilichowabakiza ni fahari. Hata hesabu ya fedha haikuwa upande wao. Kabla ya uvamizi, mwanajiografia Strabo alikwisha kueleza kwamba ushuru wa biashara na Britania uliiingizia Roma zaidi ya kile ambacho kodi ingeleta baada ya kulipa gharama za askari wa kuilinda.

Wala hatuhitaji kubuni nchi ya Kikelti ambayo Warumi hawakuitawala, maana ipo: Ayalandi. Agricola, gavana wa Kirumi wa Britania, aliitazama kutoka ng'ambo akakadiria, kwa maelezo ya Tacitus mkwewe, kwamba lejioni moja na wasaidizi wachache wangetosha kuitwaa. Hakwenda. Je, Ayalandi ilikaa gizani ikisubiri barabara? Katika kinamasi cha Corlea, jimbo la Longford, imefukuliwa njia iliyotandikwa mbao za mialoni iliyokatwa mwaka 148 KK, karibu karne mbili kabla ya Claudius. Ukristo na Kilatini viliingia bila lejioni hata moja, na Waayalandi hawakuiacha lugha yao. Waliitumia kuandika sheria na masimulizi yao katika karne ambazo sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi iliandika kwa Kilatini tu. Mtawa wao Columbanus alivuka hadi bara akaanzisha monasteri za Luxeuil na, mwaka 614, Bobbio huko Italia. Aliyedhaniwa mwanafunzi akawa mwalimu. Britania, iliyotawaliwa kwa karibu miaka 400, haikubaki na Kilatini kama lugha ya watu wake. Kiwelisi ndicho kilichodumu.

Atasema mtu kwamba Ayalandi ilinufaika na jirani aliyetawaliwa, kwani Mtakatifu Patrick mwenyewe alikuwa Mbritania aliyetekwa na maharamia wa Kiayalandi. Ni kweli, lakini jirani hakukosekana kwa Britania pia: Galia ilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na mivinyo ya Kirumi ilikuwa ikishushwa Britania kabla ya mwaka 43. Mfalme Cunobelinus alikuwa akipiga sarafu zake zenye herufi za Kilatini bila gavana wa kumwamuru. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilifanya vivyo hivyo: ilipokea hati ya Kiarabu ikaandikia Kiswahili. Pingamizi lenye uzito zaidi ni miji. Ayalandi haikuwa na miji ya aina ya Kirumi, na London ni mji walioanzisha Warumi. Hapo nakubali kwamba kitu kingekosekana, au kingechelewa. Ila miji ile ilisimama kwa mishahara ya askari na kodi. Utawala ulipoondoka kwenye mwaka 410, eneo lililozungukwa na kuta za London lilibaki karibu tupu kwa vizazi kadhaa. Ustaarabu uliopandwa kweli haung'oki kwa kuondoka kwa mlipaji.

Kichekesho ni kwamba wenyeji wetu wanataka pande zote mbili. Karibu na daraja la Westminster, mkabala na Bunge, iko sanamu ya Boudica juu ya gari la vita, iliyosimamishwa mwaka 1902, kumtukuza mwanamke aliyeuchoma moto mji huohuo wa London. Kwenye msingi wake wamechonga maneno ya mshairi Cowper yanayojigamba kwamba uzao wake utatawala nchi ambazo Caesar hakuzijua. Kwetu ni mojawapo ya nchi hizo: reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901. Yaani kumpinga mvamizi ni ushujaa, na kuvamia ni ustaarabu, kutegemea nani yuko juu ya gari.

Watoto wetu ndio wanaobebeshwa mkanganyiko huu. Siku ya mavazi shuleni wengi huwa Warumi, kwa sababu shuka jeupe na ngao ya boksi hupatikana kirahisi, na mtoto wa miaka minane hupenda upande wenye upanga na kofia ya chuma. Hakuna haja ya kumnyima shuka. Nyumbani aongezewe swali ambalo mtaala hauliulizi: Waayalandi, ambao hawakutawaliwa na Roma, walikosa nini? Akiweza kulijibu kwa ushahidi, siku atakapoorodheshewa mema ya reli atajua pa kuanzia.