Wanga na kolesteroli: Mzee ale nini, aache nini?

WAHENGA walinena kwamba mwili haujengwi kwa matofali bali kwa chakula. Kauli hiyo huwa nyepesi masikioni mwa kijana anayelima kutwa nzima na kumaliza chochote alichopakuliwa. Lakini umri unapovuka miaka 60, mwili huanza kuchagua, na kosa dogo la mezani huonekana katika vipimo vya hospitali.

Katika umri huo, wengi hurejea nyumbani kutoka kliniki wakiwa na karatasi yenye tarakimu za sukari na kolesteroli, pamoja na agizo fupi: punguza wanga, acha mafuta. Jamaa nao hulitekeleza agizo hilo kwa pupa. Ugali huondolewa sahanini, mayai hupigwa marufuku, maziwa huachiwa wajukuu, na nyanya hubaki na bakuli la sukuma wiki iliyochemshwa. Miezi michache baadaye amekonda, anayumba akitembea, na akianguka bafuni huvunjika nyonga. Aliyekusudiwa kuokolewa na kiharusi amedhoofishwa na njaa.

Hivyo basi ni muhimu kufahamu nini hasa cha kupunguza, kwa sababu gani na kwa kiasi gani.

Wanga na safari yake mwilini

Wanga ndio nishati ya kwanza ya mwili. Hupatikana katika ugali, wali, chapati, mkate, viazi, muhogo, nduma na ndizi za kupika. Gramu moja ya wanga hutoa takriban kalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Kwa hivyo si kweli kwamba wanga pekee ndio unaonenepesha.

Wanga ukishasagwa tumboni hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Hapo kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha sukari hiyo kuingia katika chembechembe za mwili. Sehemu kubwa ya sukari hupokewa na misuli.

Hapa ndipo uzee unapoleta mabadiliko. Kadiri miaka inavyosonga, misuli hupungua, mafuta ya tumboni huongezeka na insulini hufanya kazi kwa shida. Matokeo yake ni kwamba sahani ileile ya ugali ambayo haikumdhuru mtu akiwa na miaka 30, humwacha na sukari nyingi damuni akiwa na miaka 65. Ziada ya sukari hiyo huchukuliwa na ini na kugeuzwa kuwa mafuta yanayoitwa trigliseridi. Mafuta hayo yakizidi, mara nyingi kolesteroli nzuri nayo hupungua. Ndiyo maana mtu asiyegusa nyama wala mayai anaweza kupimwa na kukutwa na mafuta mengi kwenye damu: chanzo ni chai yenye sukari, mkate mweupe na mandazi.

Wanga si wa aina moja

Tofauti kubwa hutokana na jinsi nafaka ilivyosagwa. Mahindi yanapokobolewa ili kupata unga mweupe wa sembe, maganda na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, vitamini na madini. Kinachobaki humeng'enywa upesi na sukari hupanda upesi. Unga usiokobolewa, nafaka nzima, maharagwe, ndengu, kunde na mbaazi humeng'enywa polepole.

Nyuzinyuzi zina kazi nyingine muhimu. Zile zinazoyeyuka majini, zilizomo kwa wingi katika jamii ya maharagwe na katika shayiri, hunasa nyongo ndani ya utumbo na kuitoa kwa njia ya choo. Kwa kuwa nyongo hutengenezwa kwa kolesteroli, ini hulazimika kuchota kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyongo mpya. Kwa njia hiyo, maharagwe hupunguza kolesteroli mbaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi.

Hata hivyo, pana dhana potovu inayopaswa kusahihishwa. Wengi wenye kisukari huambiwa wale ugali wa wimbi au wa mtama, nao hudhani kwamba huo ni dawa na unaweza kuliwa bila kipimo. Wimbi ni wanga vilevile. Ukisagwa laini, ukapikwa uji mwepesi na kutiwa sukari, huipandisha sukari ya damu. Aina ya unga ni muhimu, lakini ukubwa wa bonge la ugali ni muhimu zaidi.

Tusisahau chai. Kijiko kidogo cha sukari kisichojazwa sana kina takriban gramu 4. Mzee anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu, amekula karibu gramu 48 kabla ya kuhesabu soda au biskuti. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unataka sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25, na wazee wengi huhitaji kalori chache kuliko hizo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kolesteroli si sumu

Kolesteroli imechafuliwa jina kiasi kwamba wengi huidhania sumu. Ukweli ni kwamba mwili hauwezi kuishi bila kolesteroli. Huitumia kujenga kuta za chembechembe, kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe.

Tatizo liko katika uchukuzi wake. Kolesteroli husafirishwa kwenye damu ndani ya vibebeo. Aina iitwayo LDL huitoa kwenye ini na kuipeleka mwilini. Ikizidi hupenya na kujikusanya katika kuta za mishipa, ndiyo maana huitwa kolesteroli mbaya. Aina iitwayo HDL husaidia kuirejesha kwenye ini. Haba na haba hujaza kibaba: utando huo hujengeka kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Siku utakapopasuka, damu huganda juu yake na kuuziba mshipa. Ikiwa ni mshipa wa moyo, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, hupatwa na kiharusi.

Kolesteroli ya chakulani hutoka kwa wanyama pekee: nyama, maini, mayai, maziwa, samaki. Mimea haina kolesteroli yoyote ya kuhofiwa. Hivyo basi, mtungi wa mafuta ya mimea wenye maandishi makubwa kwamba hauna kolesteroli haujaahidi jambo la ajabu.

La kuangaliwa zaidi ni mafuta yagandayo, yaani yale yanayokuwa magumu yakipoa: samli, siagi, mafuta ya nyama, mafuta mazito ya kupikia. Mafuta haya hupunguza uwezo wa ini wa kuiondoa LDL kwenye damu, na kwa watu wengi huipandisha kolesteroli mbaya kuliko kolesteroli iliyomo katika chakula chenyewe. Wapenzi wa mapishi ya Pwani wafahamu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya kundi hili, na karibu nusu ya mafuta ya mawese pia. Hatusemi mbaazi za nazi ziachwe kabisa, bali tui zito lisiwe la kila siku. Mabaya kuliko yote ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni, ambayo WHO mwaka 2018 iliyataka mataifa yayaondoe katika vyakula.

Je, mayai? Yai moja lina takriban miligramu 200 za kolesteroli. Kwa miaka mingi Wamarekani walishauriwa wasizidishe miligramu 300 kwa siku, lakini mwongozo wao wa lishe wa miaka ya 2015 hadi 2020 uliondoa kikomo hicho. Kwa wazee wengi yai moja kwa siku halina madhara, nalo ni chakula laini kwa asiye na meno. Mwenye kisukari au kolesteroli iliyopanda sana ashauriane na daktari wake.

Jambo moja huwashangaza wengi: kahawa inayochemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi ina mafuta yanayopandisha LDL. Vikombe vidogo viwili barazani si hoja, lakini anayekunywa birika zima kila siku afikirie upya.

Mbona Wamaasai?

Kila panapozungumzwa mafuta, huzuka swali: mbona Wamaasai waliishi kwa nyama na maziwa bila kuugua moyo? Swali hilo lilimvutia mtafiti Mmarekani George Mann, aliyewachunguza Wamaasai wa Tanganyika katika miaka ya 1960. Aliwakuta na kiwango cha chini cha kolesteroli licha ya maziwa mengi. Lakini mwaka 1972, baada ya kuchunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 waliokuwa wamefariki, yeye na wenzake waliripoti kwamba utando wa mafuta ulikuwemo, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka hata damu ikapita. Walidhani sababu mojawapo ni mwendo mrefu wa kila siku nyuma ya mifugo.

Fundisho ni wazi. Mtu hawezi kuiga sahani ya Mmaasai akaiacha miguu yake.

Sahani ya mzee

Mpango rahisi ni kuigawa sahani. Nusu iwe mboga kama vile mchicha, mnavu, kunde, mrenda au sukuma wiki, zilizopikwa kwa mafuta kidogo. Robo iwe wanga, bonge la ugali lisizidi ngumi ya mlaji. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, omena, kuku asiye na ngozi au yai. Aidha, imebainika kwamba kuanza na mboga na kitoweo kisha kumalizia na wanga hupunguza kasi ya sukari kupanda.

Robo hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Ili misuli isinyauke, wataalamu wengi hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai hutoa takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Asiye na meno apondewe maharagwe au achambuliwe samaki. Mgonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila idhini ya daktari.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja. Na kwa kuwa hisia ya kiu hupungua uzeeni, mzee akumbushwe kunywa maji.

Chakula peke yake hakitoshi. WHO hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wazee mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Kutembea dakika chache baada ya mlo huisaidia misuli kuichukua sukari.

Tahadhari

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kumwona daktari. Dawa iliyopimwa kwa sahani kubwa itaishusha sukari kupita kiasi akila sahani ndogo. Dalili ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja kinywaji chenye sukari, kisha apelekwe hospitalini ikiwa hapati nafuu. Hali hiyo huua upesi kuliko kolesteroli.

Vilevile, asiache vidonge vya kolesteroli kwa sababu tu ameanza kula vizuri, na aulize kama vidonge vyake vinapatana na balungi, kwani tunda hilo huzidisha nguvu za baadhi ya dawa hizo. Mzee anayepungua uzito bila kukusudia achunguzwe, asisifiwe.

Kolesteroli haina dalili. Hujulikana kwa kupima damu. Sukari nayo ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya mtu kula chochote asubuhi, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, huwa ni kisukari. Tangu Septemba 2023, serikali imekuwa ikiwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, hivyo anayeishi mbali na hospitali amuulize mhudumu wa kijiji chake.

Mwisho, wazee wengi hawajipikii. Anayeshika mwiko, awe binti, mkaza mwana au mjukuu, ndiye mwenye kuamua. Asimpikie mzee chungu chake peke yake kana kwamba ameadhibiwa. Nyumba nzima ikila mboga zaidi, ugali mdogo na maharagwe ya kutosha, babu hatajiona mgonjwa mezani, na vijana nao watakuwa wameziba ufa kabla ya kujenga ukuta.