Kutambua Mabehewa ya Zamani ya Madini

Kwetu Kashikishi hakuna reli. Mkoa wote wa Luapula hauna hata maili moja ya njia ya gari la moshi, na wengi wetu tuliona behewa mara ya kwanza tulipofika Ndola. Hata madini ya shaba ya Dikulushi, ng'ambo ya ziwa, yalipovushwa kwa vyombo vya mizigo kuja Nchelenge mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa yalipakiwa kwenye malori. Basi msomaji aweza kuuliza, mtoto wa wavuvi ana shauri gani na mabehewa? Shauri langu ni picha moja.

Nyumbani kwa bibi iko picha ya baba yake, amesimama mbele ya behewa, beleshi mkononi. Mzee huyo aliondoka hapa katika miaka ya 1950 kutafuta kazi, wala hakurudi. Jamaa husema alifia Broken Hill, yaani Kabwe ya leo. Wajomba wamekwenda huko mara mbili kutafuta kaburi, wakarudi mikono mitupu. Nyuma ya picha hapana maandishi hata neno moja. Ikabidi behewa lenyewe liulizwe.

Kwanza hutazamwa kuta zake. Makaa ya mawe ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya makaa yaliyomwagwa haifiki tani moja. Shaba safi ya ujazo huo huo ni karibu tani 9. Chukua behewa lenye sakafu ya mita 12 kwa mita 2 na nusu, ulipakie tani 40. Makaa yatapanda zaidi ya mita moja na nusu, lakini shaba ikipangwa vizuri haitafika shubiri moja. Ndiyo maana makaa ya Wankie yaliyokuja kaskazini kwenye migodi yalihitaji mabehewa ya kuta ndefu, na shaba iliyoyeyushwa ilikwenda pwani katika mabehewa ya kuta fupi. Mgeni akiyaona hudhani yanakwenda matupu! Mawe ya madini yamo katikati ya hayo mawili. Behewa lake huwa fupi na nene, mara nyingi tumbo lake limeinama kama faneli na lina milango chini, mzigo umwagike wenyewe. Magadi ya Kenya, yaliyopata reli yake kutoka Konza mwaka 1915, yana tabu nyingine: huyeyuka katika maji, kwa hiyo sharti yafunikwe.

Pili ni herufi za ubavuni. R.R. ni Rhodesia Railways, ambayo njia yake ilifika Broken Hill mwaka 1906 na mpaka wa Kongo mwaka 1909. Kampuni hiyo iligawanywa mwaka 1967, na upande wetu ukawa Zambia Railways, Z.R. B.C.K. ni reli ya Katanga, ambayo mwaka 1928 ilifika Port Francqui, ili shaba iendelee kwa meli za mtoni hadi Léopoldville. Mwaka 1974 reli za Kongo ziliunganishwa kuwa S.N.C.Z. C.F.B. ni njia ya Benguela, iliyokutana na ya Katanga mwaka 1931. Lakini hapa wengi hukosea, nami nilikosea. Herufi humtaja mwenye behewa, hazitaji mahali lilipo. Reli za Rhodesia, Katanga na Benguela zote zina upana wa milimita 1,067, hivyo behewa la mmoja laweza kusimama katika kituo cha mwingine. Ya Kenya na Uganda hayakuweza kufika huku, kwa kuwa reli yao ni ya milimita 1,000.

Umri nao una dalili zake. Ribiti zilizopangwa mistari ni za zamani kuliko vyuma vya kuchomelewa. Kijisanduku chenye kifuniko kwenye ncha ya ekseli, cha kutilia mafuta, ni cha zamani kuliko beringi za gololi. Ukibahatika utapata bamba dogo la mtengenezaji lenye mwaka. Lakini huo ni mwaka wa kuundwa, na behewa laweza kutumika miaka 50 baadaye.

Sasa nirudi kwenye picha. Behewa lile lina kuta ndefu, ribiti, na magurudumu manne kila upande. Herufi inayoonekana ni K peke yake, maana bega la mzee limefunika nyingine. Chini yake pameandikwa TARE, ndio uzito wa behewa tupu, kisha namba ya tarakimu tano inayoanza na 17. Neno hilo ni moja kwa Kiingereza na Kifaransa, halisaidii kitu. Namba ndiyo iliyosema. Waingereza siku zile walipima kwa ratili, na ratili 17,000 hazifiki tani 8. Behewa la magurudumu manane haliwezi kuwa jepesi hivyo. Kwa hiyo ni kilo, na aliyeliandika alifuata vipimo vya Kibelgiji. Nyuma yake yako mabehewa mengine matatu, na mawili yanaonyesha B.C.K. wazi. Moja lingeweza kuwa mgeni Broken Hill. Manne kwa mfululizo, na mtu mwenye beleshi akifanya kazi hapo, yanafanana zaidi na mtu aliye kwao.

Hayo si hati ya mahakama. Hata hivyo mjomba amewaandikia jamaa zetu wa Lubumbashi, waulize kwenye makaburi ya wafanyakazi wa reli. Bibi alipoelezwa, alitaka kwanza kujua ni nauli kiasi gani.

Wanafunzi wa zamani wenye picha za namna hii wasizikate pembeni ili zienee katika fremu. Namba ya uzito huandikwa chini kabisa.