Selari Ndani ya Bekoni

Pakiti ya bekoni ya Marekani huweza kutangaza kwa herufi kubwa kwamba haikuongezwa nitriti, kisha kwa herufi ndogo ikaongeza: isipokuwa iliyomo kiasili katika unga wa selari. Ujanja wote uko hapo.

Selari hufyonza nitrati nyingi udongoni. Kiwandani, maji yake hutiwa bakteria kama Staphylococcus carnosus, ambao huigeuza nitrati kuwa nitriti, kisha hukaushwa yakawa unga. Nitriti hiyo haina tofauti na ya chumvi ya kiwandani: huipa nyama rangi ya waridi na kumzuia Clostridium botulinum asitoe sumu yake. Kwangu mimi, lebo ya namna hiyo inampotosha mnunuzi.

Ila pua haipotoshwi kirahisi. Unga wa selari huja na ftalaidi, molekuli zinazoipa mboga hiyo harufu yake, nazo hunusika hata zikiwa kidogo mno. Ukizidisha unga ili upate nitriti ya kutosha, unazidisha na ladha ya supu ya mboga.

Tena nyama yenyewe haina pa kuificha. Harufu ya hemu hutokana kwa sehemu kubwa na kile ambacho nitriti imekizuia. Mafuta ya nyama yakikutana na oksijeni huzaa heksanali na nyinginezo za jamii yake, ile harufu ya kiporo cha nyama kilichopashwa moto. Nitriti huipunguza, na nyama hubaki na harufu tulivu ambayo mgeni yeyote huonekana ndani yake. Moshi wa bekoni huweza kuifunika selari. Kwenye kifua cha batamzinga kisicho na viungo vikali, hujulikana mara moja.

Bitiruti nayo ina nitrati tele, lakini huja na jeosmini, harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ambayo pua huitambua majini ikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Nani atake soseji inayonukia shamba?

Baadhi ya watengenezaji wamegeukia jani la spishi hiyohiyo ya bitiruti: lile lenye bua nene jeupe ambalo sokoni Nairobi na Dar es Salaam tunaliita spinachi. Lina nitrati ya kutosha na harufu ya upole kuliko selari. Isitoshe, selari imo katika orodha ya vyakula 14 vya mzio ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitajwe kwenye lebo. Jani hili halimo.