Mwana Aliyemtuma Babake

Mpenzi msomaji, kabla sijaendelea naomba nikuulize swali moja, nawe ulijibu kimoyomoyo bila kumtazama jirani yako. Je, mwana anaweza kumtuma kazi baba yake mzazi kabla mwana mwenyewe hajazaliwa? Ukisema haiwezekani, basi hujaiona sinema ya Terminator. Ukisema yawezekana, hebu nieleze ni kwa namna gani, kwa sababu kidato cha tatu kizima kilikosana juu ya jambo hili kwa muda wa wiki mbili, na wawili kati yetu hawasalimiani hadi leo.

Mambo yalianza hivi. Jumamosi moja tulikwenda vijana wanne katika kibanda cha vidio hapa sokoni Ruiri, kila mtu na shilingi ishirini zake mfukoni. Kibanda cha vidio sina haja ya kukuelezea: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, na sauti ya msimuliaji iliyowekwa juu ya sauti ya sinema ikieleza kila kitu kwa Kiswahili cha mitaani. Hapa Kenya aliyevuma zaidi kwa kazi hiyo ni DJ Afro. Kule Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, na Waganda wana VJ Jingo anayetumia Kiluganda. Mimi nawaheshimu sana watu hawa, maana bila wao nyanya zetu wasingalijua Schwarzenegger ni nani. Lakini msimuliaji wa siku ile, ambaye simtaji, alikuwa na dosari moja. Kila watu wawili walipoketi kuzungumza taratibu, yeye alianza kupiga stori zake mwenyewe mpaka bunduki zilie tena. Kumbe siri yote ya sinema hii imo katika mazungumzo hayo ya taratibu! Tulitoka nje tukijua nani amempiga nani, ila sababu hatukuijua.

Ikabidi niitazame upya kwenye simu ya binamu yangu, mara mbili, bila msimuliaji, kalamu mkononi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sinema yenyewe iliongozwa na James Cameron na ilitoka mwaka wa 1984. Inaanza mwaka wa 2029, wakati ambapo mashine zimewaangamiza binadamu wengi, na waliosalia wanaishi mashimoni kama panya. Kiongozi wao ni John Connor. Mashine zinapoona zinashindwa vitani, zinafanya ujanja: zinatuma jitu la chuma lenye ngozi ya mtu lirudi nyuma hadi Los Angeles ya mwaka wa 1984, likamuue Sarah Connor, mama yake John, kabla hajamzaa. John naye anamtuma askari wake kijana, Kyle Reese, akamlinde mama huyo. Kyle anafika, anamwokoa Sarah, wanapendana. Yaliyofuata usiku ule nayapita haraka, maana najua mwalimu mlezi wa chama atayafuta. Kwa kifupi, mtoto aliyepatikana ndiye John.

Sasa umeona fundo liliko. John asingalimtuma Kyle, John asingalizaliwa. Na asingalizaliwa, ni nani angalimtuma Kyle? Rafiki yangu mmoja alishika kwamba sinema hii ni ya uongo mtupu kwa sababu "baba hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe". Mimi jambo hilo halikunisumbua sana, pengine kwa ajili ya malezi. Nyumbani kwetu mama humwita ndugu yangu mdogo, aliye darasa la nne, "baba", kwa kuwa alipewa jina la babu mzaa mama. Akimtuma dukani humwambia, "Baba, kimbia uniletee chumvi." Hakuna jirani aliyewahi kushtuka.

Lakini huo ni utani wa majina, na sinema inataka hoja. Hoja iliyonifungua macho aliitoa Sarah mwenyewe. Wakiwa wamejificha, Kyle anamweleza juu ya vita vya mashine, na jinsi Sarah alivyomfundisha mwanawe kupigana. Sarah anakasirika, anamlalamikia Kyle kwamba anayasema mambo ambayo yeye hajayatenda bado kana kwamba yalikwisha tendeka. Wanachama wenzangu, hilo ni somo la nyakati za vitenzi! Kwa Kyle, mwaka wa 2029 ni -li-. Kwa Sarah, mwaka huo huo ni -ta-. Wote wawili wanasema kweli.

Dawa yake basi ni hii. Usiihesabu sinema hii kwa kalenda ya ukutani. Ihesabu kwa umri wa msafiri. Chukua karatasi uandike maisha ya Kyle peke yake: alizaliwa baada ya vita kuanza, akakulia mashimoni, akawa askari, akapewa na John picha ya Sarah, akampenda Sarah kwa kuitazama picha ile, akatumwa, akafika Los Angeles, akakutana na Sarah, akafa. Mstari huo hauna kona hata moja. Ni kama matatu iendayo mbele tu, ila mabango ya vituo yamepangwa ovyo: cha 2029 kimetangulia na cha 1984 kimekuja baadaye. Fanya hivyo hivyo kwa Sarah, kisha kwa John, halafu uilaze ile mistari mitatu pamoja uone inapokutana. Nilipowachorea wenzangu ubaoni wakati wa chakula cha mchana, kelele zilipungua nusu.

Hata ile picha, ambayo wengi hawakuitambua kibandani, inanyooka ukiifuata namna hiyo. Mwishoni Sarah, akiwa mja mzito, anasimama kwenye kituo cha petroli huko jangwani, na mtoto mmoja anampiga picha na kumuuzia. Hiyo ndiyo picha ambayo John atampa Kyle miaka mingi baadaye, na ambayo Kyle ataiona ikiungua moto vitani. Picha ina mwanzo na ina mwisho. Haijazunguka popote.

(Hapa niongeze kitu nilichokigundua mwenyewe na kujivunia. Kyle anapomuuliza polisi tarehe, anajibiwa kwamba ni tarehe 12 Mei, siku ya Alhamisi. Nimepiga hesabu: tarehe 12 Mei 1984 ilikuwa Jumamosi. Nahau za Kiswahili tunakosolewa kila wiki, na wenye mamilioni ya dola nao wanakosea kalenda.)

Nusu ya kelele iliyobaki ilihusu hivi: je, Kyle alibadilisha kitu? Hapa ndipo ninapowaomba mkumbuke lile somo la -nge- na -ngali- ambalo wengi wetu tulilianguka. Mwalimu alitueleza kwamba -nge- ni mlango ambao haujafungwa: ningesoma, ningepita, na bado naweza kusoma. Lakini -ngali- ni mlango uliokwisha fungwa: ningalisoma, ningalipita, na mtihani ulikwisha sahihishwa. Sinema za kusafiri katika wakati zote ni vita kati ya silabi hizo. Ukitaka kuelewa yoyote kati yazo, uliza kwanza kama katika nchi ile -ngali- inaweza kugeuzwa ikawa -nge-.

Katika Terminator ya 1984 haigeuki. Kila mtu anahangaika ili kubadilisha mambo, na mahangaiko yenyewe ndiyo yanayoyaleta mambo. Mashine zimetuma muuaji ili John asizaliwe, na kumbe zisingalituma, Kyle asingalitumwa, na John asingalizaliwa kamwe. Ni mlango uliofungwa pande zote mbili.

Katika Back to the Future, iliyotoka mwaka wa 1985, inageuka upesi upesi. Kijana Marty anapanda gari, linafika mwendo wa maili 88 kwa saa, anajikuta mwaka wa 1955 ambapo wazazi wake wangali wanafunzi. Balaa ni kwamba mama yake anampenda yeye badala ya kumpenda baba. Picha ya Marty na nduguze aliyokuwa nayo inaanza kufifia, ndugu mmoja mmoja, kwa sababu wazazi wasipooana hakutakuwa na watoto. Picha hii na ile ya Sarah hazifanani hata kidogo: moja inafutika, nyingine haifutiki, na ukilitambua hilo umekwisha jua uko katika sinema ya aina gani. Zipo na za aina ya tatu, kama Avengers: Endgame ya mwaka wa 2019, ambamo ukibadilisha ya kale unaanzisha njia nyingine pembeni, na kule ulikotoka kunabaki vile vile. Hizo binafsi naziona kama kukwepa deni.

Terminator ya pili, ya mwaka wa 1991, ndiyo iliyochanganya watu zaidi, kwa sababu inavunja sheria ya ile ya kwanza. Ghafla wanatuambia kesho haijaandikwa. Tena imo habari ya kijipande cha kompyuta kilichopatikana katika mabaki ya lile jitu la kwanza. Wataalamu wanakichunguza kijipande hicho, na kutokana nacho wanabuni mashine zitakazokuja kulituma lile jitu. Nani basi alikibuni? Picha ya Sarah ilipigwa na mtoto wa kituo cha petroli, lakini kijipande hiki hakina fundi. Nimekaa na swali hili muhula mzima. Mwenye jibu anitafute chini ya mgrevilea ulio karibu na maabara.

Kuhusu kama jambo lenyewe linawezekana nje ya sinema, mwalimu wa fizikia alisema kwenda mbele ndiyo, kwa kiasi kidogo mno. Mwaka wa 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege, na ziliporudi hazikulingana na zilizobaki chini, zikihitilafiana kwa visehemu vidogo sana vya sekunde. Kurudi nyuma hakujaonekana. Stephen Hawking aliandaa karamu mwaka wa 2009 kwa ajili ya wasafiri kutoka siku zijazo, na mialiko akaitoa baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Sasa nieleze kwa nini nilishikilia jambo hili kuliko wenzangu, maana kuna walioniuliza kama nimelipwa. Mwezi ule ule wa Mei 1984, jitu la chuma likitembea Los Angeles, mvua ndefu ilikuwa imekosa kunyesha Kenya, na upande huu wetu unaotazama Isiolo hauna subira na ukame. Serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na wazee hadi leo wanayataja kwa kukunja uso. Mwaka huo babu yangu aliuza ekari mbili. Leo hapo pana nyumba za kukodisha na duka la dawa za mifugo. Muhula uliopita nilipotumwa nyumbani kuleta karo nilipita kando ya ua wake, na kila sikukuu ami yangu hulirudia lile lile: babu asingaliuza, tungalikuwa watu. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Nilipotoka kibandani wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ningepata mashine ile, ningerudi 1984 nimshike babu mkono asiweke kidole kwenye karatasi.

Kisha nikafanya kama nilivyofanya kwa Kyle, nikaandika mstari wa baba yangu. Mwaka wa 1984 alikuwa na miaka miwili, na nyanya husema miguu yake ilikuwa kama njiti za kiberiti. Pesa za shamba ndizo zilizonunua unga na maziwa ya miezi ile. Nikimshika babu mkono, namnyang'anya mtoto yule uji. Na mtoto yule asipokua, ni nani atakayekwenda kumshika babu mkono? Nilipoifuta ile karatasi nilikuwa na jasho.

Jioni moja nilimsimulia babu sinema yote, tukiwa tunapukuchua mahindi uani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakuuliza habari za mashine hata kidogo. Aliuliza, "Huyo kijana aliyetumwa, alipewa nauli ya kurudi?"

Nikamwambia, "La, babu. Alijua harudi."

Akapukuchua gunzi lingine. Kisha akataka kujua kama katika sinema hiyo ya 1984 kuna mahali wanapoonyesha mahindi ya manjano. Nikamwambia hakuna.

"Basi," akasema, "walioitengeneza hawakuwa huku."