Pawatila imenoki: usuke injini upya au ununue nyingine?

Leo tuongee hela.

Pawatila inaanza kugonga katikati ya jaruba, inatoa moshi, inazima. Fundi anakuja, anazungusha handeli, anatikisa kichwa: "Hii imenoki, inatakiwa kusukwa upya." Nyuma yako kuna wateja wanaosubiri kulimiwa, na maji ya mfereji yana zamu. Hapo ndipo wengi wanatoa hela harakaharaka, halafu wiki mbili baadaye wanatoa nyingine. Kabla hujatoa hata shilingi, tupige hesabu kidogo.

Kwanza, ijue injini yako

Pawatila zilianza kuingia kwa wingi enzi za Kilimo Kwanza, 2009, na leo ziko kwenye skimu nyingi za mpunga. Nyingi zinatumia injini ya dizeli ya silinda moja, iliyolala, inayopozwa kwa maji. Mfano ni S195: nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, silinda yenye kipenyo cha milimita 95. Injini za ukoo huu ndizo zinaendesha pia mashine za kukoboa na pampu za maji.

Hiyo ni faida kwako, kwa sababu mbili. Moja, silinda yake ina laina inayotoka. Ikilika unaweka mpya, huhitaji kuchonga bloku. Pili, injini imefungwa kwa bolti juu ya chesesi na inapeleka nguvu kwa mikanda. Unaweza kuishusha yote na kupandisha nyingine ndani ya siku moja.

Lipia kupima kabla ya kulipia kusuka

Fundi hawezi kujua bei kwa kusikiliza mlio tu. Mkubaliane malipo ya kufungua na kupima peke yake. Ikishafunguliwa, uwepo, na umuulize mambo haya:

- Oili ina rangi gani? Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia gasketi ya hedi, mpira wa laina, au hedi yenyewe kupasuka.
- Laina imelika kiasi gani? Ringi mpya ndani ya laina iliyolika ni hela ya kutupa, moshi wa bluu utarudi.
- Krenki imepimwa kwa maikromita, au kwa kidole? Ikiwa na mikwaruzo inakerezwa, halafu unanunua beringi za saizi iliyopungua, kwa mfano 0.25 au 0.50. Usikubali beringi mpya kwenye krenki yenye makovu.
- Valvu zinakaa vizuri? Wakati mwingine tatizo ni valvu tu, na kuzisaga kunatosha.
- Nozeli inamwaga dizeli au inapuliza ukungu? Nozeli mbovu inaunguza pistoni mpya.

Spea zilizotolewa zibaki kwako mpaka kazi iishe. Hakuna ugomvi hapo, ni utaratibu wa biashara.

Hesabu yenyewe

Namba zifuatazo ni za kujifunzia. Wewe weka bei za dukani kwako.

- Pistoni, ringi, pini na laina: 180,000
- Gasketi na sili: 40,000
- Beringi: 60,000
- Kukereza krenki: 70,000
- Valvu na kusaga: 50,000
- Nozeli na kupima pampu: 60,000
- Oili, filta na dizeli ya kusafishia: 40,000
- Ufundi: 150,000
- Usafiri wa kufuata spea: 50,000

Jumla ni 700,000. Tuseme injini mpya ni 1,600,000. Ukiangalia haraka unasema, "Nasuka!" Subiri kwanza.

Pawatila ikisimama, hela pia inasimama. Tuseme ukiondoa dizeli na posho ya dereva unabaki na 30,000 kwa siku. Kusuka kukichukua siku 12, umekosa 360,000. Gharama ya kweli sasa ni 1,060,000. Injini mpya ukiifunga kwa siku mbili, umekosa 60,000, jumla 1,660,000. Kusuka bado kunashinda.

Lakini injini imefunguliwa, mkakuta hedi imepasuka na krenki haikerezeki tena. Ongeza 450,000. Spea zimechelewa, siku zimekuwa 20, umekosa 600,000. Piga jumla: 700,000 na 450,000 na 600,000 ni 1,750,000. Sasa injini mpya ndiyo rahisi, na ile ya zamani unaweza kuiuza kama spea.

Umeona? Injini ni ileile, mwenyewe ni yuleyule. Jibu limegeuzwa na vitu viwili: walichokikuta ndani, na ni siku ngapi utakaa bila kazi. Ikiharibika wakati hakuna kulima, siku 20 hazikuumizi sana. Ikiharibika wiki ya kuvuruga, kila siku ina bei yake.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana wengi wanaisahau. Jirani ana injini ya ukoo huohuo kwenye pampu ambayo haina kazi kwa sasa? Ikodi, hakikisha nguvu yake na puli vinaendana na pawatila yako, ifunge, maliza kazi za watu. Ya kwako isukwe taratibu. Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja, useme nani anabeba gharama ikiharibika.

Kilichoiua kipo bado?

Ukisuka bila kutafuta chanzo, umenunua msiba mwingine. Kwa pawatila, wauaji wakubwa ni hawa:

1. Vumbi. Kuvuta tela barabara ya vumbi huku bakuli la oili la kichujio cha hewa limekauka ni sawa na kuilisha injini mchanga. Likague kila asubuhi.
2. Maji. Yakikauka na injini imechemka, usimwage ya baridi papo hapo, hedi itapasuka. Zima, acha ipoe.
3. Oili. Pima injini ikiwa imesimama sawa na imezimwa, kila siku kabla ya kuwasha.

Na injini iliyosukwa usiiingize kwenye tope siku hiyohiyo. Ipe kazi nyepesi kwanza, kisha mwaga oili ya mwanzo mapema, kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake.

Anza kuweka leo

Injini yoyote itasukwa siku moja, hata ya mtu makini. Kwa hiyo bei yako ya kulima iwe na sehemu ya injini ndani yake. Ukitenga 3,000 kwa kila ekari, ekari 240 zinakupa 720,000, yaani kusuka kumeshalipiwa na kazi yenyewe. Fungua daftari, andika ekari, andika saa, weka hiyo hela mahali ambapo si rahisi kuigusa. Fundi akitikisa kichwa siku hiyo, wewe utakuwa unachagua, hutakuwa unakopa.