Mashindano ya Magari: Kufika Kwanza, Mbio Baadaye

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa na mwalimu

Ninyi mlio Soweto, mjini Moshi, na ninyi mlio mlimani, Machame, Kibosho, Marangu hata Rombo, karibuni katika somo la leo. Fungueni madaftari. Kila mmoja awe na kalamu, maana leo tutasoma na tutafanya hesabu pia.

Tumepata swali kutoka kwa fundi mmoja wa magari wa Soweto. Ameendesha gari kwa miaka mingi. Sasa anataka kuingia katika mashindano ya magari ya chama, yaani yale ya watu wasiolipwa mshahara, wanaoshindana kwa kuupenda mchezo. Anauliza hivi: "Kuendesha gari najua, lakini kusoma ndiyo kwanza najifunza. Je, nitaweza?"

Swali hili ni jema. Ili tulijibu, yafaa tujue kwanza mashindano haya ni nini, na mtu anayeanza hukutana na mambo gani.

1. YALIVYOANZA KWETU

Zamani watu wachache wenye magari huko Kenya walishindana kwa kuzunguka njia moja tu, mathalan pale Langa Langa, karibu na Gilgil. Mmoja wao aliitwa Eric Cecil. Alimwalika binamu yake, Neil Vincent, lakini huyo hakuona raha ya kuzunguka mahali pamoja. Alisema heri watu waingie katika magari yao, wavuke nchi na kurudi, na atakayefika nyumbani kwanza awe mshindi.

Wazo hilo likazaa mashindano ya Safari. Ya kwanza yalifanywa mwaka 1953, kwa ukumbusho wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yanavyouzwa dukani, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Mwaka 1954 walioshinda ni Vic Preston na D. P. Marwaha, na gari lao lilikuwa Volkswagen ndogo.

Kwa miaka mingi Safari ilifanywa wakati wa Pasaka. Ninyi mnajua Pasaka kwetu ni wakati gani. Ni masika. Udongo huwa utelezi, na makorongo hujaa maji. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 pia yalifika 7 tu. Je, magari mengine hayakuwa na mbio? Yalikuwa nayo. Lakini hayakufika.

2. WATU WALIOANZA CHINI

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, naye akajifunza ufundi humo. Alianza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari kwa gari aina ya Volvo ambalo lilikuwa limekwisha tumika. Walilitengeneza wenyewe, wakashinda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Alifariki London mwaka 2013.

Tanzania nayo ilikuwa na washindi wake. Bert Shankland, aliyetoka Scotland akakaa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Aliyeketi kando yake mara zote mbili alikuwa Chris Rothwell.

Angalieni jambo moja. Tunapotaja washindi, twataja watu wawili. Mmoja hushika usukani, wa pili hushika kitabu. Tutarudi kwa huyu wa pili.

3. MAMBO ANAYOJIFUNZA DEREVA MGENI

Katika mashindano ya namna hii magari hayaondoki kwa pamoja. Huondoka moja moja, kila moja kwa saa yake. Siku hizi sehemu za mbio hufungwa, watu wengine wasipite. Sehemu zinazounganisha mbio hizo ni barabara za watu wote. Huko dereva hutii sheria kama sisi sote. Akivunja sheria, huadhibiwa.

Dereva mgeni huingia akidhani kazi yake ni kukanyaga mafuta. Upesi barabara humfundisha mambo matatu.

Jambo la kwanza ni breki. Mgeni huikimbilia kona, kisha hukanyaga breki akiwa ndani ya kona. Magurudumu hupoteza mshiko na gari huteleza kwenda nje. Dereva aliyezoea hufunga breki kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Hupunguza mwendo, huingia taratibu, hutoka kwa nguvu. Tena kumbukeni kanuni hii: mwendo ukiwa mara 2, nafasi ya kusimamisha gari kwa breki huwa mara 4. Penye tope huzidi hapo.

Jambo la pili ni mlima. Fikirini barabara ya kushuka kutoka Marangu kwenda Himo. Dereva akishuka kwa kutegemea breki peke yake, breki hupata moto sana. Mafuta ya breki yakichemka, yeye hukanyaga na gari halisimami. Hapo ndipo watu hufa, katika mashindano na nje ya mashindano. Dawa yake ni kutia gia ndogo mapema, ili injini isaidie kulizuia gari.

Jambo la tatu ni haraka. Hebu tufanye hesabu. Njia ni kilomita 20, ya udongo na mawe. Dereva wa kwanza anakwenda kilomita 60 kwa saa. Dereva wa pili anakwenda kilomita 50 kwa saa. Kila mmoja atatumia dakika ngapi? Andikeni.

(Hapa mwalimu anangoja kidogo.)

Wa kwanza atatumia dakika 20. Wa pili atatumia dakika 24. Tofauti ni dakika 4 tu. Sasa yule wa kwanza amegonga jiwe, akapata pancha. Kutoa jeki, kufungua gurudumu na kufunga jingine kumemchukua dakika 10. Alipata 4, akapoteza 10. Amebaki nyuma kwa dakika 6, na sasa hana gurudumu la akiba. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Hapa twaona ukweli wa methali hiyo kwa tarakimu.

Kwa hiyo anayeanza hapaswi kutafuta kikombe katika mashindano yake ya kwanza. Atafute kufika. Gari likifika, amejifunza njia yote. Gari likiharibika mwanzoni, amejifunza kipande tu.

4. KAZI YA MTU WA PILI

Sasa turudi kwa yule anayeketi kando ya dereva. Sisi humwita msoma ramani. Mbele yake ana kitabu cha njia. Katika kitabu hicho kila njia panda imechorwa, na kando yake pameandikwa umbali. Pia ana kadi ya saa. Kila kituo wasimamizi huandika humo saa ambayo gari limefika. Aliyechelewa hupewa adhabu. Hata aliyefika mapema kuliko saa yake huadhibiwa vilevile.

Dereva hawezi kusoma, kwa maana macho yake yako njiani. Husikiliza tu. Mwenzake humwambia, "Mita 100, kona kali ya kushoto. Baada yake daraja jembamba." Dereva huliamini neno hilo hata kabla ya kuiona kona. Msoma ramani akisema kulia mahali palipoandikwa kushoto, gari laweza kuingia korongoni na wote wawili wakafa.

Ndugu zangu, hapa kusoma si mapambo. Neno moja likisomwa vibaya, maisha ya watu wawili yamo hatarini.

5. JIBU LETU

Basi ndugu fundi, tunakujibu hivi. Ndiyo, waweza. Ufundi wako ni mali kubwa. Joginder Singh naye alitoka gereji. Lakini fuata mambo haya.

Jiunge na chama cha mchezo huu, uwe na leseni, na gari likaguliwe. Uvae kofia ngumu na mikanda ya kiti. Usijaribu mbio katika barabara za watu. Njia za vihambani zina watoto wanaokwenda shule, akina mama wenye mizigo ya ndizi, ng'ombe na pikipiki. Hao hawakuomba kushindana nawe.

Mwanzo fanya kazi ya kusaidia kituoni. Utaona jinsi madereva wazoefu wanavyofika, magari yao yamechafuka lakini hayajavunjika. Kisha tafuta mwenzako wa kuketi naye, anayesoma vizuri na asiyeogopa kukuambia "punguza mwendo".

Tena usiache darasa. Hata dereva lazima azijue kanuni, aisome kadi yake na kutia sahihi kwa kuelewa anachokitilia sahihi. Kila juma soma ukurasa mmoja kwa sauti, mwenzako akusikilize. Asipoelewa, rudia. Hayo ndiyo mazoezi ya msoma ramani, nayo hayatumii mafuta hata tone moja.

MANENO YA KUANDIKA MARA TATU

usukani, breki, kona, gurudumu, korongo, umbali, sahihi

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mwaka 1963 magari mengi hayakufika?
2. Dereva afanye nini kabla ya kushuka mlima mrefu?
3. Njia ni kilomita 30. Gari linakwenda kilomita 40 kwa saa. Litatumia dakika ngapi?
4. Kwa nini aliyefika mapema kuliko saa yake naye huadhibiwa? Toeni mawazo yenu.
5. Katika kazi yako wewe, ni neno gani ambalo likisomwa vibaya huleta hatari?

Swali la tano kila mmoja aliandikie jibu la mistari miwili, amsomee mwenzake. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.